Jua Kali na Maji Moto: Kupima Mwanga na Kusafisha Filamu Nyumbani Mombasa

Karibu kila mwongozo wa kusafisha filamu nyeusi na nyeupe huagiza kwamba dawa iwe kwenye nyuzijoto 20, kisha huendelea na mengine kana kwamba maji ya kiwango hicho hutoka mferejini. Mombasa hayatoki. Maji ya tangi jeusi lililokaa juu ya paa huwa na joto la kuogea kufikia alasiri, na hata usiku wa manane katika miezi ya kaskazi hayapungui sana. Mimi ni mwanafunzi wa upigaji picha, na chumba changu cha giza ni bafu la nyumba tuliyopanga Makadara, lenye dirisha moja dogo na mlango usiofunga sawasawa. Baada ya kuharibu mikanda kadhaa nimeelewa kwamba majaribio ya mwanga na majaribio ya dawa hayatenganishiki: jua la pwani hutoa picha yenye weupe mkali na vivuli vizito, na maji moto huukoleza weupe huo zaidi, hivyo anayepima kimoja bila kingine hajui kosa limetoka wapi.

Ninayoyaeleza hapa yanamfaa mtu mwenye kamera ya filamu ya milimita 35, tangi la kusafishia, kipimajoto, sirinji kubwa ya kupimia dawa na daftari. Daftari lisidharauliwe. Nimetumia filamu ya HP5 Plus ya ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga) na dawa ya ID-11, kwa hiyo dakika nitakazotaja ni za viwili hivyo. Anayetumia filamu au dawa nyingine aanze na dakika za mtengenezaji wake.

Kanzu, buibui na kipimo cha kamera

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hukichukulia kila kitu kuwa cha rangi ya kijivu inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, na hiyo ndiyo sababu kanzu nyeupe hutoka kijivu iliyochujuka, na buibui jeusi likatoka kijivu pia, kama lililofuliwa mara mia. Jaribio la kwanza basi ni rahisi na halihitaji taa yoyote. Mwombe ndugu aliyevaa kanzu asimame kivulini, sogea hadi kanzu ijaze kioo cha kamera, soma kipimo, kisha piga picha tatu: moja kama kamera ilivyoagiza, ya pili ukiongeza hatua moja ya mwanga, na ya tatu ukiongeza hatua mbili. Hatua moja ni mwanga maradufu, kwa mfano kupanua tundu la lenzi kutoka f/8 hadi f/5.6, au kutoka sehemu ya 250 ya sekunde hadi sehemu ya 125. Kwa buibui fanya kinyume chake, yaani punguza. Utaona kwamba kanzu hurudi kuwa nyeupe karibu na hatua mbili za nyongeza, na buibui hurudi kuwa jeusi karibu na hatua mbili za upungufu.

Ugumu huanza pale wawili hao wanapokaa baraza moja siku ya arusi. Hapo usipime nguo yoyote kati ya hizo. Pima kiganja chako mwenyewe, ukikiweka kwenye mwanga uleule unaowaangukia wao, kisha ongeza hatua moja, kwa kuwa kiganja huwa cheupe zaidi kuliko ile kijivu ya kamera kwa takriban kiasi hicho, na hakitofautiani sana baina ya watu hata ngozi zao zikitofautiana. Njia hii imenitosha mara nyingi kuliko vifaa vya bei.

Juu ya ngozi yenyewe, nina neno moja ambalo sikulikuta katika vitabu nilivyoazima. Ngozi nyeusi huonyesha umbo la uso kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Ukimmulika mtu kwa taa ndogo kali, mng'ao huwa nukta chache kwenye paji na puani, na kwa jasho la Mombasa nukta hizo huwa nyingi kuliko unavyotaka. Ukimmulika kwa kitu kipana, kama shuka nyeupe iliyotandazwa dirishani au ukuta wa chokaa ulio ng'ambo ya kichochoro, mng'ao hutanda taratibu kwenye shavu na taya, na uso hupata umbo bila kuongezewa mwanga hata kidogo. Leso ya mkononi ya kupangusia jasho iwe karibu.

Kuhusu saa za kupigia picha, Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo mnamo mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Macho huingia mashimoni, na kivuli cha pua huanguka juu ya mdomo. Mpige mtu mmoja saa moja asubuhi, saa sita unusu mchana na saa kumi na moja jioni, mahali pamoja, ukitumia lenzi ileile. Kwenye picha ya mchana ongeza nyingine mbili: moja akiwa ameingia hatua moja ndani ya mlango, akiutazama ukuta mweupe ulioangaziwa na jua upande wa pili wa njia, na nyingine akiwa juani lakini wenzako wawili wameishika shuka juu ya kichwa chake. Vichochoro vya Mji wa Kale vinafaa mno kwa jaribio hili, kwa sababu nyumba zimekaribiana na kuta zake hurudishiana mwanga. Kule njia ya Ngome ya Yesu, palipo wazi, utahitaji shuka.

Usiku, taa moja inatosha. Iweke juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa na pembeni kwa pembe ya nyuzi 45, uisogeze mpaka pembetatu ndogo ya mwanga ijitokeze kwenye shavu la upande wa kivuli. Kisha ibadilishe umbali tu: mita moja, halafu mita mbili. Kwa taa ndogo, umbali ukizidishwa mara mbili mwanga hubaki robo, yaani hupungua hatua mbili, lakini cha kutazama zaidi ni ukuta wa nyuma, ambao taa ikiwa karibu na mtu huzama gizani, na taa ikiwa mbali huonekana karibu sawa na uso. Wapiga picha wa studio wa mji huu, akiwamo N. V. Parekh aliyejulikana sana katikati ya karne ya 20, walitengeneza picha za watu kwa kuzipanga taa namna hiyo, na anayetazama kwa makini kivuli cha pua katika picha za studio za zamani huweza kukisia taa kubwa ilisimama wapi.

Mkanda mmoja, vipande vitatu

Kuna kanuni ya zamani inayosema kwamba mwanga upimwe kwa ajili ya vivuli, na filamu isafishwe kwa ajili ya weupe. Maana yake ni kwamba sehemu za kivuli, ambazo zimepokea mwanga kidogo, hufikia kiwango chake mapema ndani ya dawa na haziongezeki sana baada ya hapo, ilhali sehemu za mwanga mkali huendelea kukolea kadiri filamu inavyokaa. Kwa hiyo dakika ndizo zinazoamua kama kanzu itabaki na mikunjo yake au itakuwa doa jeupe tupu. Kwa jua letu, kanuni hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ili uione kwa macho yako bila kununua filamu tatu, tafuta mahali penye jua na kivuli pamoja, kwa mfano mlango wa kuchongwa uliofunguliwa nusu, na upige mkanda mzima wa picha 36 hapo hapo, ukibadilisha namba ya ISO kwenye kamera kwa mfuatano huu: ISO 200, ISO 400, ISO 800, kisha tena 200, 400, 800, mpaka mwisho. Kila picha huchukua milimita 38 za mkanda, hivyo picha 12 ni takriban sentimita 46. Kata uzi wa urefu huo mapema. Gizani, upime mkanda kwa uzi, ukate vipande vitatu, uingize kimoja tangini na viwili uvirudishe ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Kisu kikiangukia katikati ya picha hakuna hasara, kwa kuwa kila kipande kina mfuatano mzima mara kadhaa.

Sasa joto. Mtengenezaji huipa HP5 Plus ndani ya ID-11 isiyochanganywa na maji dakika 7 na nusu kwenye nyuzijoto 20. Kwenye nyuzijoto 24 muda huo hushuka hadi karibu dakika 5, na kwenye nyuzijoto 28 huwa mfupi kiasi kwamba sekunde chache za kumimina dawa zinatosha kuacha mawimbi kwenye anga ya picha. Muda wa chini ya dakika 5 si wa kuaminika. Ndiyo maana naichanganya dawa na maji kwa kiasi sawa: muda huwa dakika 13 kwenye nyuzijoto 20, nami kwenye nyuzijoto 24 hutumia takriban dakika 9. Safisha kipande cha kwanza kwa dakika 9, cha pili kwa dakika 7 na robo, na cha tatu kwa karibu dakika 11, kila kimoja kwa dawa mpya, ukilipindua tangi kwa namna moja: mara nne mwanzoni mwa kila dakika.

Vikikauka, uviweke juu ya ukurasa wa gazeti penye mwanga mzuri. Katika sehemu nyeusi kabisa ya negativu, ile itakayokuwa weupe wa picha, herufi za gazeti zinapaswa kusomeka kwa shida. Zisiposomeka kabisa, filamu imekaa dawani mno. Na katika sehemu za kivuli lazima uone alama za mlango, zisiwe kioo kitupu. Kwangu mimi, jua la mchana lilitoka vizuri kwa kuipiga filamu ya 400 kama 200 na kuisafisha kwa muda uliopunguzwa kwa asilimia 20, ilhali kivuli cha kichochoro na siku za mawingu ya masika vilihitaji muda wote. Wewe upate yako. Lenzi, kipimajoto na mkono wa kupindua tangi hutofautiana.

Kupata nyuzijoto 24 bila mtambo

Nyuzijoto 24 inapatikana Mombasa. 20 ni kazi ya bure. Teka maji alfajiri, kabla jua halijaligusa tangi, uyatie kwenye mtungi wa udongo uliowekwa penye upepo. Mtungi hupoza kwa maji yanayopenya na kukauka juu ya udongo, na ingawa unyevu wa pwani haumruhusu kufanya makubwa, hupunguza nyuzi mbili au tatu. Zilizobaki zipunguzwe kwa barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutumbukizwa kwenye beseni la maji ambamo chupa za dawa zimesimama. Barafu isitiwe ndani ya dawa yenyewe, kwani ikiyeyuka hubadilisha kipimo. Beseni likiwa kubwa, joto lake halitapanda sana kwa muda wa kazi.

Jambo ambalo liliniharibia mkanda mzima wa picha za Likoni ni kulipoza tangi la dawa peke yake na kusuuza kwa maji ya mferejini. Jelatini inayoshikilia picha hulainika na kuvimba katika maji moto, na ncha ya ukucha wangu ilichora mstari kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Dawa ya kusafisha, maji ya kusimamisha kazi ya dawa hiyo, fiksa (dawa inayoifanya picha isidhurike tena na mwanga) na maji ya kusuuzia vyote vikae kwenye beseni moja, visipishane kwa zaidi ya nyuzi mbili.

Fiksa ipimwe kabla ya kila kazi: kata kipande cha ncha ya filamu, kitumbukize, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, na uifikse filamu kwa mara mbili au tatu ya muda huo. Ncha ikichukua mara mbili ya muda wa fiksa mpya, fiksa imechoka. Isimwagwe karibu na kisima, maana imebeba fedha ya filamu. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye steeli wulu ya kusugulia sufuria, ambayo chuma chake huyeyuka na kuiacha fedha itulie chini kama tope.

Kusuuza hakuhitaji mfereji uliofunguliwa nusu saa, anasa ambayo mji huu hauna. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na huacha madoa meupe, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Hakikisha ni maji ya betri, si asidi ya betri. Itundike filamu bafuni na feni uizime. Niliwahi kuiwasha ili nifanye haraka, na vumbi lote la chumba likahamia kwenye mkanda.

Kahawa na magadi

Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology nchini Marekani walionyesha kwamba kahawa ya unga ya kuyeyusha, ikitiwa alkali, husafisha filamu. Baadaye watu waliiongezea vitamini C. Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita moja ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga na gramu 40 za kahawa, kwa dakika 15 kwenye nyuzijoto 20. Mtu asishawishike kutumia kahawa tungu ya kwenye dele. Ni ya kunywa na kashata, na haina ukolezi unaohitajika. Kahawa ya kuyeyusha ya bei ya chini ndiyo hufanya kazi vizuri.

Sisi tuna magadi, yale ya kulainishia maharagwe, yanayouzwa Kongowea kwa mafungu. Lakini magadi ya ziwani si kaboneti tupu: sehemu kubwa yake ni baikaboneti, tena yamebeba maji ndani yake, na ukiyapima gramu 54 vilevile yalivyo, filamu hutoka hafifu. Yasage, uyakaange makavu kwenye chungu juu ya jiko la makaa, ukikoroga, mpaka yaache kupunguza uzito. Hupoteza karibu asilimia 30, kwa kuwa maji na hewa ukaa hutoka. Usitumie sufuria ya alumini, na chungu hicho kisirudi kupikia. Kwa nusu lita, yeyusha gramu 27 za magadi yaliyokaangwa, uchuje kwa kitambaa, tia gramu 8 za vitamini C, kisha gramu 20 za kahawa, na usubiri povu litulie. Kwenye nyuzijoto 24 nilianzia dakika 11. Baada ya dawa hii simamisha kwa maji matupu, siyo siki, kwa sababu asidi ikikutana na kaboneti hutoa mapovu yanayoweza kutoboa jelatini. Harufu yake ni mbaya. Waarifu wenye nyumba.

Karatasi, kofia na maji ya bahari

Kuchapisha picha ni kwepesi zaidi kwa upande wa joto, kwa kuwa karatasi huachwa dawani mpaka ikamilike: dakika moja kwa karatasi ya plastiki, mbili kwa karatasi ya nyuzi. Fanya kazi usiku. Mchana, kila tundu la msumari kwenye mabati ni taa. Kaa gizani dakika 5 kabla ya kufungua pakiti, na ukiona mlango umechora mstari, ziba. Taa nyekundu nayo ipimwe: iguse karatasi kwa mwanga mdogo mno wa mashine ya kukuzia, iweke chini ya taa nyekundu kwa dakika 5 ikiwa na sarafu juu yake, kisha isafishe. Duara la sarafu likionekana, taa hiyo haifai au iko karibu mno. Pakiti za karatasi zikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na zitolewe saa nzima kabla ya kufunguliwa ili zisipate umande.

Muda wa mwanga hupatikana kwa ukanda wa majaribio: funika karatasi kwa kadibodi, uifunue kidogo kidogo kila sekunde 5, usafishe, uchague. Asiye na mashine ya kukuzia hakosi la kufanya, kwani kitu chochote kikiwekwa juu ya karatasi chini ya balbu huacha umbo lake. Nilijaribu jani la mwarobaini na kipande cha wavu wa samaki, lakini kilichonishangaza ni kofia ya mkono. Vitobo vyake vilivyoshonwa vimekusudiwa kupitisha hewa, na hupitisha mwanga pia: ukiilaza kofia juu ya karatasi, kila kitobo hutoka kuwa nukta nyeusi kwenye uwanja mweupe, na mshono wote husomeka. Inua balbu juu zaidi na nukta hukazika. Ishushe au ifunike kwa karatasi nyembamba, na nukta hutawanyika na kulegea. Ni somo lilelile la shuka na taa ndogo, ila sasa liko kwenye sinia la dawa.

Kwa karatasi ya nyuzi, ambayo hunywa fiksa na kuitoa kwa taabu, jaribu maji ya bahari. Chumvi huharakisha kuondoka kwa fiksa kuliko maji baridi matupu, na bahari haina bili. Yateke mbali na mitaro ya mji, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne ili mchanga usikwaruze picha, na uyabadilishe mara tatu au nne. Kisha lazima picha isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa mabadilisho kadhaa, maana chumvi ikibaki huishambulia fedha ya picha. Mimi huchapisha kofia ileile mara mbili, moja nikaisuuza kwa maji ya bahari na nyingine kwa maji ya mtungi peke yake, na nyuma ya kila moja huandika kwa penseli tarehe, maji yaliyotumika na idadi ya mabadilisho, kabla ya kuzibana kwa vibanio vya nguo juu ya beseni.